Tamko: Kufunga Uvuvi Bila Kuzuia Tope Hakutaliponya Ziwa Tanganyika

Kwa wananchi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa Serikali na halmashauri za mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, na kwa ndugu zetu wa Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sisi wanachama wa chama kinachotoa tamko hili, tukiwa wavuvi wa dagaa na migebuka, kina mama wanaoanika na kuuza dagaa mialoni, walimu wa sayansi na watafiti wa maji baridi, tumekutana Kigoma kuzungumzia hali ya ziwa letu. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Wapo walioingia ukumbini wakiamini kwamba tatizo ni wavuvi, na wapo walioingia wakiamini kwamba tatizo ni kila mtu isipokuwa wavuvi. Tumetoka na msimamo mmoja, nao ni huu: tunaunga mkono kupumzisha uvuvi, lakini tunapinga hesabu inayomkabidhi mvuvi deni lote la ziwa. Ziwa Tanganyika linapungukiwa chakula kutoka chini kwa sababu ya joto, na linafunikwa makazi yake kutoka ufukweni kwa sababu ya tope. Joto hatuwezi kulizima tukiwa Kigoma. Tope tunaweza kulizuia, na hilo ndilo ambalo halijapewa uzito.

Tunaomba msomaji atuvumilie tueleze kwanza jinsi ziwa hili linavyofanya kazi, kwa kuwa maamuzi mengi yanayoligusa hufanywa kana kwamba ni bwawa kubwa la kufugia samaki.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi ya juu ya nchi ambayo hayajaganda duniani kote. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Lakini katika kina chote hicho, samaki huishi kwenye tabaka la juu tu. Oksijeni hufika takribani mita 100 upande wa kaskazini na takribani mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyo na hewa, yenye gesi ya salfidi hidrojeni, ambamo samaki hawezi kukaa.

Hata hivyo huko chini ndiko iliko akiba. Kila kinachokufa juu, mwani, planktoni na samaki, huzama na fosforasi na nitrojeni yake. Kwa maelfu ya miaka mbolea hiyo imejilimbikiza gizani. Mito inaleta kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya virutubisho vinavyolisha mwani wa ziwa hili hutoka kwenye akiba hiyo, na hupanda kwa nguvu ya upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma kwa wingi na kusukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, kwenye Kasanga na Mpulungu, maji ya baridi yenye mbolea huinuka kuchukua nafasi ya yale yaliyosukumwa. Upepo ukilegea, maji yaliyorundikana kaskazini hurudi, na tabaka la chini huanza kubembea kwa mawimbi makubwa ambayo hayaonekani juu, wimbi moja likichukua karibu mwezi mzima kwenda na kurudi. Mwani hustawi palipopata mbolea. Planktoni wadogo hula mwani. Dagaa hula planktoni, na mgebuka hula dagaa.

Mvuvi wa taa anaujua mnyororo huu kwa njia yake. Mchana planktoni hushuka kujificha, usiku hupanda kula, na dagaa huwafuata. Ndiyo sababu vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, na nyavu za taa hufanya kazi usiku wa giza, na ndiyo sababu mbalamwezi ikiwa kamili mialo hupoa.

Sasa linalotokea ni kwamba maji ya juu yamepata joto kuliko ya chini. Maji ya joto ni mepesi, hivyo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule hauna tena nguvu ya kuyachanganya. Vipimo vya joto la ziwa hili vinarudi nyuma hadi mwaka 1913, na ukivilinganisha na vya miongo ya karibuni, ongezeko liko wazi. Mwaka 2003 timu mbili za watafiti, moja ikiongozwa na Catherine O'Reilly na nyingine na Piet Verburg, zilichapisha matokeo yanayokubaliana: kuchanganyika kwa maji kumepungua na uzalishaji wa mwani umeshuka. Timu ya O'Reilly ilikadiria kwamba uzalishaji huo ulishuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30.

Wapo wanasayansi walioipinga hesabu hiyo, wakasema kushuka kwa samaki kunaelezeka kwa uvuvi wenyewe. Mjadala huo ulikuwa wa haki. Lakini mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilichapisha uchunguzi wa matabaka ya udongo yaliyochimbwa chini ya ziwa, ambayo hutunza mabaki ya samaki na konokono mwaka hadi mwaka. Mabaki hayo yalionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Timu hiyo ilikadiria pia kwamba eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940.

Tunayasema haya bila nia ya kuwapa wavuvi kisingizio. Mantiki yake kwa kweli inawabana. Kama chakula cha ziwa kimepungua, basi kiasi cha dagaa kinachoweza kuvuliwa bila kudhuru nacho kimepungua, na idadi ya mitumbwi iliyokuwa ya kawaida wakati wa babu zetu haiwezi kuwa ya kawaida leo, achilia mbali idadi ya sasa. Mwanachama atakayetumia maneno ya chama hiki kutetea kokoro atakuwa ametunukuu vibaya. Kokoro linakwangua ufukwe, na ufukweni ndiko wanakokulia makinda. Lumbu, aina mojawapo ya dagaa, hutaga karibu na nchi kavu. Makinda ya sangala hujificha kwenye majani ya maji kabla ya kwenda kilindini. Anayevuta kokoro anavuna samaki ambao hawajafika sokoni wala hawajazaa.

Tunakuja sasa kwenye ufukwe wenyewe. Ukizungumza na watu wengi kuhusu samaki wa Tanganyika watakutajia dagaa, mgebuka, kuhe na sangala. Hao ndio wanaotulisha, na ni haki yao kutajwa. Lakini kwa idadi ya spishi ni wachache mno. Ziwa hili lina zaidi ya spishi 1,500 za viumbe, na mamia kati ya hao hawapatikani popote pengine duniani. Samaki wa jamii ya sikilidi peke yao ni takribani spishi 240, na karibu wote ni wa hapa tu. Wengi wao wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa miamba na mchanga kandokando ya ziwa, ambako mwanga unafika.

Katika ukanda huo kuna mambo ambayo yangestahili kufundishwa katika kila shule ya mwambao. Kuna samaki wadogo wanaotaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na makombe yakifukiwa hawana nyumba. Kuna gogogo wa madoadoa ambaye huchanganya mayai yake na ya sikilidi anayelea watoto mdomoni. Mama yule huokota yote, na vifaranga vya gogogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye nyumba. Kuna samaki anayeishi kwa kula magamba ya wenzake, akiwavizia kutoka nyuma. Mdomo wake umepinda, kwa baadhi kulia na kwa baadhi kushoto. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alionyesha kwamba pande hizo mbili huwiana: wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujihami zaidi upande wanaoshambulia, wa kushoto hushiba na kuongezeka, mpaka mizani irudi. Wanasayansi wa dunia nzima wanakitaja kisa hiki wanapoeleza jinsi viumbe wanavyodhibitiana. Sisi tunapita juu yake kwa mtumbwi.

Samaki wa miamba hii wanauzwa Ulaya na Marekani kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, nao huwatofautisha kwa majina ya mahali walikotoka. Mfugaji wa Ujerumani anaweza kukutajia Ikola na Kipili kwa sababu samaki wake wanaitwa hivyo. Mtoto wa Ikola mwenyewe hana kitabu kinachomwonyesha samaki huyo. Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, kisha tunaendelea.

Wengi wa samaki wa miamba hula mwani unaoota juu ya mawe, kila spishi kwa namna ya meno yake. Mwani huo unahitaji mwanga na jiwe safi. Mlima ukikatwa miti na kulimwa hadi mtoni, mvua ya kwanza hubeba udongo hadi ziwani. Udongo hutia giza maji, hufunika mawe, huziba mianya ambamo samaki hutagia, na humfanya anayekula mwani ale vumbi lililolowa. Dume hutambuliwa na jike kwa rangi. Kwenye maji ya tope rangi haionekani. Samaki wa miamba hawahami ovyo. Mara nyingi ghuba moja ya mchanga inatosha kutenganisha koo mbili za spishi moja kwa maelfu ya miaka, hivyo tope likiua ukoo wa sehemu moja, hakuna wa jirani atakayekuja haraka kuziba pengo. Mradi wa bioanuwai wa Ziwa Tanganyika uliofanywa na nchi nne kati ya 1995 na 2000 uliitaja mmomonyoko wa udongo miongoni mwa hatari kubwa za ziwa. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu hapo.

Tope haliji sawasawa kila mahali, na hapa tunaomba halmashauri zisikilize kwa makini. Mto Malagarasi ni mkubwa, lakini kabla ya kufika Ilagala maji yake hupita kwenye ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Mafunjo na mabwawa yake hupunguza mwendo wa maji, na udongo mwingi hutua huko. Bure kabisa, ardhi oevu hii inafanya kazi ambayo kuifanya kwa mtambo wa kuchuja maji kungetugharimu fedha tusizokuwa nazo, na kila skimu ya mpunga inayokausha kipande chake na kila kundi la ng'ombe linalokanyaga kingo zake linapunguza uwezo huo. Kwenye milima ya kaskazini mwa Kigoma hali ni nyingine. Vijito ni vifupi, miteremko ni mikali, na hakuna bwawa la kuchuja. Kinachong'oka shambani asubuhi kiko ziwani kabla ya jioni.

Mfano wa tunachodai uko hapohapo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyoanzishwa mwaka 1968, misitu imeshika mabonde hadi ufukweni. Nje ya mpaka wake, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, milima ilikuwa imebaki vipara. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ukifanya kazi na vijiji vinavyozunguka hifadhi katika upandaji miti, kilimo na utengaji wa misitu ya vijiji, na katika maeneo kadhaa miti imerudi. Hatusemi kila kitu kimefanikiwa. Tunasema mlima uliovuliwa nguo unaweza kuvikwa tena ndani ya umri wa mtu mmoja, wenyeji wenyewe wakishirikishwa, na kwamba mwenye shaka anaweza kupanda boti kwenye mwalo wa Kibirizi akajionee.

Kuhusu kufunga uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa mujibu wa makubaliano ya nchi zinazolimiliki ziwa. Miezi hiyo iko ndani ya msimu wa upepo wa kusi, wakati ziwa linapandisha mbolea yake, na kuliacha lipumue wakati huo ni jambo la busara. Tunataka liendelee. Lakini halina budi kufanywa na nchi zote nne kwa siku zilezile, kwa sababu dagaa hajui mpaka, na asilimia 41 ya ziwa iliyo yetu inapakana na asilimia 45 ya Kongo, 8 ya Burundi na 6 ya Zambia. Nchi moja ikifunga na jirani akaacha wazi, aliyefunga amemtunzia mwenzake.

Tunataka pia gharama ya miezi mitatu isibebwe na wasio na akiba. Mwenye kipe ana mtaji. Kibarua wake analipwa kwa usiku aliofanya kazi, na mama mwenye chanja mbili za kuanikia hana cha kuanika. Mpango wowote wa mikopo au kazi mbadala ukianza na wenye vyombo na kuishia kwao, utekelezaji utageuka kuwa mbio za kuviziana usiku kati ya doria na wenye njaa, na hakuna doria iliyowahi kushinda mbio hizo.

Ufugaji wa vizimba unatajwa kama njia mbadala. Hatuupingi, ila tunaweka sharti ambalo hatutalilegeza: samaki wa kigeni wasiletwe katika ziwa hili. Ziwa Victoria lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, na mamia ya spishi za furu zikapotea au kubaki chache mno. Vizimba hupasuka, na samaki aliyetoroka hafuatwi na polisi. Tanganyika lina ngege wake wa asili. Utafiti wa kumfuga huyo ugharimiwe kwanza, hata kama anakua polepole kuliko sato wa kuagizwa.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatoa nafasi kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi mialoni. Mkataba wa nchi nne uliosainiwa Dar es Salaam Juni 12, 2003, ambao ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, unagusa uvuvi, uchafuzi, tope na bioanuwai kwa pamoja. Waandishi wa mkataba huo walielewa kwamba mambo haya hayatenganishiki. Utekelezaji ndio ulioyatenganisha: uvuvi umepata doria, marufuku na matangazo ya redio, huku tope likiachiwa semina.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Mipaka ya mita 60 iwekewe alama zinazoonekana, kwanza kwenye vijito vya miteremko mikali, na ipimwe kutoka maji yanapofika ziwa likijaa. Kujaa kwa ziwa mwaka 2021 na tena 2024 kuliwafundisha wakazi wa Kigoma, Uvira na Bujumbura kwamba ufukwe unasogea. Mita 60 zilizopimwa kiangazi cha ziwa lililopwa ni mchezo. Mkulima anayeombwa kurudi nyuma ya alama hizo apewe miche, mafunzo ya makinga maji na muda wa msimu mzima, wala asiamke akakuta shamba limefyekwa. Migomba, miti ya matunda na nyasi za malisho zinaweza kushika udongo na kumpa kipato. Mihogo iliyopandwa kwa matuta yanayoteremka na mlima haiwezi. Uchimbaji wa mchanga midomoni mwa mito ukome, na barabara mpya zinazochongwa milimani zisikabidhiwe mpaka mitaro yake iwe na mahali pa kutulizia maji.

Kila kata ya mwambao itenge angalau eneo moja la mazalia, lenye miamba na majani ya maji, lisilovuliwa mwaka mzima, likilindwa na wanakijiji wenyewe na kutambuliwa kwa sheria ndogo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale tayari ina ukanda wa maji ndani ya mipaka yake, na wavuvi wa jirani wanajua kwamba samaki wakubwa wa miamba hawajaisha huko. Takwimu za mavuno zinazokusanywa mialoni zirudi mialoni kwa Kiswahili, zibandikwe ubaoni, ili mvuvi ajue anachokatazwa kimehesabiwaje. Na wizara yenye dhamana ya elimu itoe kitabu cha viumbe wa Ziwa Tanganyika kwa shule za msingi za mwambao. Walimu wanachama wetu wako tayari kuandika rasimu yake bila malipo.

Kwa upande wetu, wanachama wavuvi wamekubaliana kusalimisha makokoro yao kwa vikundi vya ulinzi vya mialo, na atakayekutwa nalo baada ya hapo hatatetewa na chama mahakamani wala mtaani.

Kuna neno moja kwa wenzetu wa mataifa yenye viwanda, ambao tunajua tamko hili huenda lisiwafikie. Joto lililotuzibia akiba ya chini ya ziwa halikutoka kwenye karabai za mwalo wa Katonga. Fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi zinazozungumzwa kila mwaka kwenye mikutano mikubwa zina kazi hapa, katika milima inayotazama ziwa, na tunaiomba Serikali iombe fedha hizo kwa ajili ya vijito vya Kigoma, Katavi na Rukwa, kwa majina ya vijito hivyo.

Mvua za mwambao huanza Oktoba au Novemba. Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri zote zinazopakana na ziwa, wakishirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, wawe wameweka alama za mita 60 kwenye vijito vyao kabla ya mvua zijazo, na watangaze hadharani ni vijito vipi vimekamilika na vipi bado. Tutawafuatilia kijito kwa kijito.

Limetolewa Kigoma na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.